Taa mbili za mashua ya tanga, na kisichana chenye cheti

Kama si mimi, Likoni yote ingekuwa bado inawasha koroboi. Anayebisha aseme hapa hapa.

Leo nimeitwa Mtongwe kutia umeme mpya kwenye mashua ya tanga iliyotia nanga. Betri mpya, waya mpya, kila kitu kipya.

Fundi mkuu eti ni kisichana, Zuhura. Kina cheti, kina glavu, na kila waya kinaubandika nambari kama begi la hujaji! Mimi waya naujua kwa kuunusa.

"Shikamoo ami. Taa za mbele, nyekundu kushoto, kijani kulia."

Marahaba. Mimi nilifunga taa kabla mamako hajaolewa.

Nikazifunga zote mbili peke yangu. Nahodha akaja kuzijaribu, maana jioni anang'oa nanga kwenda Lamu.

Akaziwasha.

"Mzee, umezigeuza! Chombo kingine kitadhani tunakwenda, kumbe tunakuja. Unataka tugongwe?"

Nikamwambia kushoto ni kushoto, hata Makka!

Zuhura akacheka mpaka akakaa kitako. "Ami, kushoto kwa chombo ni ukielekea omo, huko mbele. Kwani wewe ulielekea wapi?"

Adabu hakuna. Na nahodha, bila haya, akachukua bisibisi mkononi mwangu akampa yeye amalizie kazi.

Haya semeni, huo ni uungwana?

Ila kwa kuwa humu ni jamaa tupu, wallahi nilielekea nchi kavu, omo nimeipa mgongo. Nikiyatazama maji, kichwa hunizunguka.