Juu ya reli ya Mzee Surjit

Saa tano asubuhi, Jumapili ya Novemba 2006, Placida Kokushubila anapanda ngazi za stesheni ya Seven Sisters, kaskazini mwa London, na badala ya kutafuta basi anaanza kutembea. Mvua ni ya rasharasha, ile isiyokatika. Akifika penye duka au kanisa anasimama, anatazama, kisha anaendelea. Chini ya miguu yake, ndani ya ardhi, zinapita treni za reli ya Victoria.

"Ukiniona utadhani nimepotea," anasema. "Sijapotea. Nipo kazini, ila kazi hii hanilipi mtu."

Kazi inayomlipa ni ya kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwalisha, kuwapa dawa. Ni pauni sita kwa saa, na muda wa kwenda nyumba hadi nyumba ni juu yake. Watanzania wenzake huziita kazi za namna hiyo kubeba boksi. "Mimi sibebi boksi," anasema. "Nabeba watu."

Placida ana miaka 44, ni mzaliwa wa Muleba, mkoani Kagera. Amepanga chumba Hayes, jirani na uwanja wa ndege, katika nyumba ya wapangaji sita wanaojuana kwa migongo tu, jikoni. Watoto wake wawili aliwaacha kwa mama yake mwaka 1999. Huwapigia kwa kadi za simu, nao, waliokwisha kuzoea kukua bila yeye, humjibu kwa mkato.

"Naweza kumaliza wiki sijaulizwa swali zaidi ya 'umemaliza na jiko?'" anasema. "Hata ukiona kitu cha kuchekesha njiani, utamwambia nani?"

Mwaka jana alipangiwa nyumba ya Mzee Surjit, huko Harrow. Mzee huyo, Kalasinga mwenye miaka 74, alikuwa amefiwa na mkewe, na kisukari kilikuwa kimempofusha. Siku ya kwanza, Placida alimwagikiwa na chai ya moto mkononi, akaguta, "Mama yangu!"

Mzee akageuza kichwa. "Wewe natoka wapi? Tanzania?"

Yeye alizaliwa Nakuru, na Kiswahili alikiokota katika gereji ya baba yake. Alihamia Uingereza mwaka 1968, na kwa miaka ishirini na mitano akaendesha treni za reli ya Victoria, ambayo abiria huipanda chini kwa chini kutoka Brixton hadi Walthamstow. Alijua Brixton na Seven Sisters, alikopokea na kukabidhi treni. Kwingine kote alijua giza.

Jumapili moja ya Machi stesheni ilifungwa kwa matengenezo, ikambidi Placida atembee kutoka Stockwell hadi Vauxhall. Kesho yake, akimkata mzee kucha, akamsimulia.

"Ngoja," mzee akavuta mkono. "Juu ya hapo iko nini?"

"Kuna mikahawa ya Wareno, Mzee. Wanaume wamekaa nje na vikombe vidogo, wanabishana."

"Kweli? Mimi napita chini yao miaka yote, sijui iko mtu nakunywa kahawa!" Alicheka hadi akakohoa. "Sasa kwenda mbele. Angalia yote. Halafu kuja kwambia mimi."

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumapili baada ya misa Placida alitembea kipande kimoja, na Jumatatu akakisimulia. Alimwambia juu ya nyumba nyeupe za Pimlico zenye nguzo, zote sawasawa kama meno. Alimwambia juu ya Green Park, ambako watu hukodi viti ili waketi kwenye jua. Kuhusu mto, ambao treni hupita chini yake, mzee ndiye aliyemwambia: alikuwa akiutambua kwa masikio, yalivyoziba ghafla.

"Nilianza kuitazama London," anasema Placida. "Miaka saba nilikuwa naivuka tu."

Septemba, Jumatatu, aligonga mlango wa Mzee Surjit usifunguliwe. Jirani akamwambia kwamba mtoto wa mzee amekuja Jumamosi, akamhamishia baba yake kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Leicester. Hakuna aliyekumbuka kumwarifu mhudumu.

"Nilikuwa na Highbury nzima mdomoni," anasema. "Nilirudi nayo kwenye basi. Nikalia, abiria wakaangalia dirishani."

Kwa wiki kadhaa hakutembea. Kisha simu ikaita. Alikuwa mtoto wa mzee, aliyeipata namba yake kwa yule jirani. Baba yake, alisema, alikuwa akipoteza kumbukumbu. Kiingereza kimemtoka, Kipunjabi kinakuja na kupotea, na anachosema kutwa nzima wauguzi hawakielewi. Mwana huyo mwenyewe aliondoka Kenya akiwa na miaka minne. Alitambua tu kwamba ni Kiswahili.

Simu ikawekwa sikioni mwa mzee. Kisha: "Wewe nafika wapi?"

"Highbury, Mzee."

"Basi sema."

Tangu hapo humpigia kila Jumapili jioni. Leo amevuka Tottenham Hale na kufika kwenye mabwawa ya maji, ambako bata wamejikunyata ukingoni. Mbele kuna Blackhorse Road, kisha Walthamstow, mwisho wa reli. Ni mwendo ambao angeweza kuumaliza kabla ya chakula cha mchana, lakini Placida anasimama darajani.

"Siku hizi naenda polepole makusudi," anakiri. "Nikifika mwisho, Jumapili inayofuata nitampigia nimwambie nini?"

Hata hivyo, jibu amekwisha kulipata. Ameomba ruhusa kazini na kukata tiketi ya basi la Leicester kwa Jumamosi ijayo. Itakuwa mara yake ya kwanza kutoka nje ya London tangu aingie nchini. Mwana wa mzee ameahidi kumpokea kituoni.

"Safari hii mimi sisimulii," anasema, akiifunga vizuri skafu yake. "Nataka anipeleke Nakuru. Anitembeze mtaa kwa mtaa, aniambie nani alikaa wapi na nani aliuza nini. Mimi kazi yangu iwe kuuliza."