Fundi na Dereva wa Bibi Harusi

Mama yangu alikuwa fundi wa malori, na baba yangu dereva wa mojawapo ya malori hayo. Nyumbani hawakuitana mume wala mke. Walibaki na majina ya kazini hadi uzeeni: Mama alimwita Baba Dereva, na Baba alimwita Mama Fundi. Mgeni akiwasikia alidhani kuna gari limeharibika uani.

Kampuni yao ilitengeneza barabara za vumbi. Kiangazi kikiingia, malori yalitoka yadini na mahema, mapipa ya maji, sururu, mabeleshi na vibarua, yakaenda mbali kufukia mashimo, kuzibua mitaro na kufyeka vichaka vilivyoila njia. Mvua zikianza, yalirudi. Ndiyo maana mimi niliipenda mvua kuliko watoto wote wa mtaa wetu. Wao iliwafungia ndani. Mimi iliniletea baba. Ngurumo ya kwanza ikipiga, nilikimbilia barazani nikatega sikio, nikisubiri mngurumo wa pili, ule wa injini. Mpaka leo harufu ya matone ya kwanza kwenye vumbi haijakamilika puani mwangu kama haijachanganyika na dizeli.

Ufundi Mama aliurithi kwa babu, ambaye alikuwa msimamizi wa gereji ya yadi. Babu alijaliwa mabinti watupu. Watu walipomwonea huruma aliwajibu, "Spana haiulizi imeshikwa na nani." Mama akakulia chini ya magari, na mimi sikumbuki kuona kucha zake zikiwa nyeupe, hata siku za harusi za watu.

Baba alipoajiriwa, alikabidhiwa lori kuukuu kuliko yote, lililoitwa Bibi Harusi kwa sababu kila safari lilitoka la mwisho na watu wote walilazimika kulisubiri. Mvua za mwaka huo wa kwanza, Bibi Harusi lilishikwa na maradhi yasiyoisha. Wiki hii taa, wiki ijayo honi, wiki nyingine kitu kinagonga chini. Kila mara Baba alikuja gerejini kachana nywele. Mwishowe Mama alitoka chini ya lori na nati mkononi.

"Dereva, hii imelegezwa kwa spana. Alama si hizi hapa?"

Baba akakuna kichwa. "Barabara mbaya, Fundi."

"Barabara ipi? Lori halijatoka yadini tangu mvua zianze."

Gereji nzima iliangua kicheko. Babu peke yake hakucheka. Alisema, "Kijana, kama una haja na binti yangu, njoo nyumbani na wazee wako. Usiniulie lori." Kiangazi kilipoingia, walikuwa wameshaoana.

Kabla ya kila msimu, Mama ndiye aliyetumwa kununua vifaa. Nilipenda sana kufuatana naye kwenye lile duka la vifaa vya ujenzi, lenye giza na harufu ya misumari. Beleshi alilining'iniza kwa vidole viwili, akaligonga na kusikiliza. Lililolia kwa sauti ndefu alilitenga. Lililojibu kama debe bovu alilirudisha bila neno. Mpini aliugeuzageuza kwenye mwanga wa mlango, aone kama nyuzi za mti zinakwenda na urefu wake, kwa kuwa nyuzi zikikata upande, mpini utamvunjikia mtu mkononi. Mipini iliyopakwa rangi hakuitaka kabisa. "Hivyo ni vipodozi," alisema. "Mimi nataka uso wenyewe." Spana mpya alizipima kwa kiganja, na jeki hakuinunua mpaka ainue gari la mwenye duka mwenyewe na kuliacha hewani muda wote wa kunywa chai.

Siku moja mwenye duka alichoka. "Fundi, unanunua beleshi au unachumbia?"

"Mume nilimpata kwa bahati," Mama akamjibu. "Beleshi sibahatishi."

Tuliishi hivyo miaka mingi, nami nikadhani ndivyo maisha yalivyo: malori yanaenda, malori yanarudi.

Kisha likatokea la Kofia. Huyu alikuwa dereva mwenzake Baba, mtu mzima mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, asiyevua kofia yake hata mezani. Nilimwita baba mkubwa ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Mwishoni mwa kiangazi kimoja, lori lake lililojaa changarawe lilishindwa kusimama kwenye mteremko, likaacha njia. Vibarua waliruka wakapona. Kofia hakuwahi.

Lori lilivutwa hadi yadini, likalazwa karibu na ukuta. Bomba moja la mafuta ya breki lilikuwa limekatika. Lakini lilikatika kabla, likasababisha ajali, au lilikatika lori lilipopiga mawe? Hakuna aliyeweza kusema, na mpaka leo hakuna ajuaye. Linalojulikana ni kwamba aliyelihudumia lori hilo kabla ya msimu alikuwa Mama.

Bosi wa yadi, ambaye vibarua walimwita Bwana Kesho kwa ajili ya ahadi zake, alimwendea akamwambia, "Fundi, hakuna anayekulaumu."

"Bora angekuwepo," Mama alisema. "Ningepata wa kujibizana naye."

Mvua zile Baba alikuwepo nyumbani, lakini nyumba haikuwa ile. Mama alikaza nati, akairudia, akairudia tena. Alifunga mlango wa jikoni, akafika kitandani, akarudi kuujaribu. Chakula kilipoa mbele yake.

Kiangazi kikaja. Malori mengine yalitoka. Bibi Harusi lilibaki juu ya magogo, magurudumu nje. Mama alisema springi ina ufa. Springi ikakaguliwa, haina ufa. Akasema basi ni breki. Vibarua walikaa kivulini na mabeleshi yao mapya, wakitafuta la kusema. "Bibi Harusi kafungiwa ndani," mmoja alipaza sauti. "Mama mkwe kakataa mahari!" Bwana Kesho alipita akitazama saa yake. Baba alivumilia, mwishowe uvumilivu ukamtoka.

"Fundi, lori lina nini?"

"Linalia."

"Linalia wapi? Mimi ndiye ninayeliendesha. Sijasikia kitu."

"Wewe husikii. Na Kofia naye hakusikia."

Vibarua waliacha kucheka. Baba alivua glavu zake, akaziweka juu ya bampa, akaondoka.

Yaliyofuata alinisimulia Mama mwenyewe, nilipokuwa mtu mzima. Asubuhi iliyofuata alifungua breki za magurudumu yote, kipande kwa kipande. Alisafisha kila bomba, akalipitishia kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila kitu kilikuwa kizima. Alitafuta ubovu kama mtu anayetafuta pete iliyopotea, na kadiri alivyoukosa ndivyo alivyozidi kurudia alipokwisha kupita. Akakaa chini, kwenye sakafu ile ile yenye oili.

Baba akamkuta hapo. Alikuwa amevaa shati jeupe, maana alitoka kuitwa ofisini na Bwana Kesho.

"Halina kitu, Dereva," Mama alimwambia. "Lori ni zima. Mbovu ni mimi."

Baba akakaa chini kando yake, na shati lake jeupe.

"Shati lako!"

"Liache." Akakunja mikono ya shati. "Mimi pia naogopa, Fundi. Kofia alipotutoka, njia nzima ya kurudi kila mteremko nilishuka na gia ya kwanza. Vibarua walidhani nimezeeka."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniachia nitoke?"

Mama aliniambia kwamba walicheka pale sakafuni, kicheko kibaya kilichochanganyika na machozi, na hakujua nani alianza kipi. Kisha Baba akasema, "Basi twende wote. Ukisikia linalia, nitasimama, utashuka uangalie. Hata mara mia kwa siku."

Hakuna mwanamke aliyewahi kwenda kambini. Bwana Kesho alikuja juu. "Kambi haina nafasi ya mwanamke!"

"Ina nafasi ya lori bovu bila fundi?" Baba aliuliza.

Bwana Kesho alitafakari. Alisema sawa, kiangazi hicho kimoja tu. Kama ilivyo desturi ya ahadi zake, hiyo nayo hakuitimiza, kwani Mama hakubaki tena yadini hata msimu mmoja.

Siku ya tatu njiani walifika kwenye ule mteremko. Mama akamwomba Baba asimame juu. Alishuka peke yake, akaenda ukingoni ambako majani yalikuwa yameshaota upya, akasimama. Alilia kidogo, akamsalimu Kofia kwa jina lake la kweli. Halafu akazunguka lori, akaweka kiganja kwenye kila gurudumu kuona kama breki zimeshika joto, akapanda.

"Twende," alisema.

Wakashuka na gia ya kwanza, vibarua nyuma kimya kama wako msibani.

Mimi nilibaki na bibi, na shule zikifungwa nilipelekwa kambini. Zile ndizo likizo ninazozitamani hadi leo. Asubuhi niliamshwa na mlio wa boneti ikifunguliwa. Mama alikuwa ameshaanza mzunguko wake: oili, maji ya rejeta, mkanda wa feni, tairi moja moja akiligonga kwa rungu. Jioni, kabla jua halijazama, hakuna aliyeruhusiwa kusogelea chungu mpaka chombo chake cha kazi kioshwe udongo na kupakwa oili chakavu kisishike kutu. Vibarua walinung'unika, "Huyu mama anataka hata sururu zipige mswaki." Lakini nakumbuka kibarua mgeni alipochukua beleshi lisilo lake, mwenyewe alilidai kana kwamba kachukuliwa mtoto.

Hofu ya Mama haikuisha. Ilipungua ukubwa tu, ikawa kama mtu wa tatu anayekaa nao mbele, ambaye wamemzoea. Mara nyingine alisema, "Simama," na Baba alisimama bila kuuliza, akazima injini, akawasha sigara. Mama alishuka, akainama, akarudi. "Hakuna kitu." "Haya." Safari ikaendelea.

Lami ilipofika kule, barabara za vumbi zikawa chache, na kampuni ikafunga milango. Malori yaliuzwa kama chuma chakavu. Siku Bibi Harusi lilipovutwa kutoka yadini, Baba alisema ana kazi shambani. Hatukuwa na shamba. Alirudi jioni, viatu vina vumbi, akaomba maji ya kunywa.

Alifariki miaka michache baadaye, kitandani kwake, kwa ugonjwa wa wazee. Mama sasa anaishi kwangu. Kucha zake zimekuwa nyeupe, na huzitazama kana kwamba ni za mtu mwingine.

Juzi nilimuuliza: kama angerudishiwa siku moja tu ya enzi zile, angechagua ipi? Nilidhani atataja harusi, au siku niliyozaliwa. Hakufikiri hata kidogo.

"Siku aliyonifundisha kuendesha."

Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Kumbe Mama, aliyelijua lori kwa kila jino la gia, hakuwahi kuliendesha zaidi ya kulisogeza yadini. Walikuwa wamemaliza kipande kirefu cha barabara, kimesawazishwa vizuri, hakuna hata unyayo wa mbuzi juu yake. Baba akashuka, akazunguka upande wa pili.

"Shika usukani."

"Mimi ni mtu wa chini ya gari, Dereva."

"Leo panda juu."

Akaachia klachi, Bibi Harusi likaruka kama chura. Vibarua walioko nyuma wakaruka na kukimbilia vichakani, mmoja akiapa kwamba ana watoto. Likaruka tena, likazima, likawaka. Kisha likatulia. Gia ya pili. Gia ya tatu. Barabara ikawa inateleza chini yao, nyeupe, imenyooka.

"Nikamwambia, nitazame basi, naendesha," Mama alisema. "Kimya. Nikageuka. Amelala, mwanangu! Kichwa kimeegemea mlango, mdomo wazi. Mtu anaendeshwa na asiyejua kuendesha, naye analala."

Alicheka, akajifuta macho kwa upande wa khanga.

"Sikumwamsha. Niliendesha hadi barabara ilipokomea, pale ambapo hatujachimba bado. Nikazima injini, nikakaa naye."