Mkono Bapa wa Ilunga

Siku yangu ya kwanza katika zahanati ya kambi ya wafanyakazi, huko Panda, Muuguzi Mkuu hakunipa sindano. Alinipa rula ya plastiki, ya shule.

"Hii njo kazi yako," akasema. "Weye utapima."

Nilikuwa nimetoka shule ya uuguzi na cheti changu mkononi, nikaona nimedharauliwa.

Kumbe kupima kulikuwa na elimu yake. Aliyeishi na mgonjwa wa kifua kikuu alidungwa kidogo tuberkulini, dawa ya kupimia, ndani ya ngozi ya mkono. Kama mwili wake ulikwisha kukutana na ugonjwa huo, askari wanaoulinda huukumbuka na kukusanyika pale, na siku ya tatu ngozi imevimba. Mimi nilipima uvimbe. Mkono ukiwa bapa niliandika sifuri, nikamruhusu mtu aende nyumbani. Nilikuwa mwepesi wa kazi, na wa ulimi pia.

Mwaka wa pili aliletwa Ilunga, mtoto wa miaka mitatu. Babu yake, aliyelala naye chumba kimoja, alikuwa amelazwa kwa kifua kikuu. Mtoto alikohoa na alikuwa amekonda, lakini siku ya tatu mkono wake ulikuwa bapa kabisa.

"Mama, mutoto iko muzima," nikamwambia mama yake. "Umupe chakula tu."

Jioni Daktari alipopitia daftari, kidole chake kilisimama kwenye sifuri yangu.

"Sitwayeni," akaniita, kama wanawake walivyoitwa kwa heshima enzi zile, "huyu mutoto alikuwa na rougeole?"

"Ndiyo, Docteur. Mama yake alisema, mwezi ilipita."

"Basi hii sifuri ni ya nani? Ya ugonjwa, ao ya mwili?"

Akanieleza bila ukali kwamba rougeole, yaani surua, huwachosha askari wa mwili kwa wiki nyingi, na njaa pia. Adui anaweza kuwa ndani na wao wasiinuke. Mkono wa Ilunga ulikuwa umenyamaza, nami nikausoma ukimya huo kuwa afya.

Asubuhi nilikwenda kwao, nikamkuta Mama Ilunga anafunga mizigo. Kwa kuwa nilimwambia mtoto ni mzima, alikuwa anampeleka kijijini kwa bibi yake, mbali na hospitali yoyote.

"Mama, nilikosa," nikasema. "Mutoto anaweza kuwa na ule ugonjwa ya babu. Lazima apite ku radio, wamupige picha ya kifua."

Nilingoja anitukane mbele ya majirani. Badala yake alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge.

"Aksanti umekuja. Twende."

Picha ya kifua ilionyesha doa pafuni. Miezi yote ya sindano za tiba nilimdunga Ilunga mimi mwenyewe. Aliponenepa, Daktari aliamuru tumpime tena. Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba kama nusu ya karanga, mwekundu. Machozi yakanitoka.

"Sasa unalia nini?" Mama Ilunga akauliza kwa hofu. "Mukono inavimba."

"Njo maana nalia, mama. Mwili yake imeamuka."

Baadaye nilihamishwa Kakanda, nikarudi, nikastaafu. Nawashukuru wakubwa wangu wote, lakini zaidi yule aliyenisahihisha bila kunivunja. Wauguzi vijana wanaokuja kwangu nawaambia wamsikilize mama kwanza, ndipo washike rula.

Jumapili nyingine, baada ya misa, Mama Ilunga hupita kwangu na mwanawe, baba wa watoto wanne sasa.

"Onyesha mama mukono," humwambia.

Naye hukunja mkono wa shati. Uvimbe uliisha zamani, ngozi ni bapa. Hata hivyo mimi huushika mkono ule, nikamshukuru Mungu.