Kitabu cha Hesabu Tulichokichagua Kamsamba

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Isansa, Mwalimu Mkuu alinitazama viatu kabla hajanitazama uso. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na viatu vyangu vya visigino, nimesimama kwenye tope la Mbozi. Akacheka. "Masomo yote yana wenyewe, Mwalimu. Limebaki Hisabati. Utalikimbia?"

"Sijaja kukimbia, nimekuja kufundisha," nikamjibu. Nikalishika somo hilo mpaka nilipostaafu.

Miaka hiyo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, madukani kila kitu kilianza kujaa, lakini kitabu cha kiada, yaani kile rasmi cha darasani, kilikuwa kimoja nchi nzima. Hukuulizwa unakipenda au la. Ulifuata muhtasari, ukaandika andalio la kila somo, yaani mpango wa utakavyofundisha, na Mkaguzi wa Shule akija, ole wako asilikute mezani. La kwangu alilikuta. Aliwaambia wenzangu, "Kajifunzeni kwa huyu binti." Sijigambi, nasema kweli. Haya, najigamba kidogo.

Baadaye wachapishaji wengi wakaruhusiwa, shule zikaambiwa zichague zenyewe. Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa Kamsamba, bondeni. Joto la huko acha tu! Mimi mtu wa baridi nililowa jasho kabla ya kengele ya kwanza. Nilikuwa mwalimu wa taaluma, msimamizi wa ufundishaji shuleni, kwa hiyo wakala wa vitabu alipokuja nilikaa naye mimi na Mwalimu Mkuu wa huko. Alileta kimoja cha rangi tupu, kina treni na ndege. Kingine kilikuwa chembamba, michoro yake vijiti vilivyofungwa kumikumi. Mwalimu Mkuu akakumbatia cha treni. "Hiki kitatupa heshima," akasema. Nikaomba tusubiri Kamati ya Shule.

Sababu yangu ilikuwa Minza, mtoto wa darasa la tatu, binti wa mfugaji Msukuma aliyehamia bonde lile. Kusoma anasoma, kujumlisha anajumlisha, ila kutoa kulimshinda. Mwalimu Mkuu alishasema arudie darasa, na baba yake alishajibu, "Akirudia, arudi nyumbani. Kazi zipo." Mzee yule hakuwa na maneno mawili. Nilikosa usingizi kwa ajili ya mtoto yule.

Siku ya Kamati nikamwita Minza mbele, baba yake amekaa benchi la nyuma na fimbo yake. Nikaandika ubaoni 52 toa 17, nikamsomea maelezo ya kitabu cha treni: mbili kutoa saba haitoshi, nenda kaazime kumi kwa jirani. Akaandika 45.

"Mnaona?" Mwalimu Mkuu akasema. "Arudie tu."

"Minza, hebu tueleze ulivyofanya," nikamwambia.

Akainama. "Niliazima kumi kwa jirani, Mwalimu. Nikatoa saba, ikabaki tano. Halafu kumi ya jirani nikamrudishia. Nikatoa moja kwenye makumi yake matano, yakabaki manne."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Baba yake hakucheka. "Mnacheka nini?" akauliza. "Cha mtu si kinarudishwa? Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo." Hapo moyo ukanipasuka kwa furaha, jamani. Mtoto hakuwa mjinga. Alikuwa mwaminifu mno kwa hesabu ile.

Nikafungua kitabu chembamba. Nikamwekea mezani mafungu matano ya vijiti na vijiti viwili pembeni. "Hivi vyote ni vyako. Nipe kumi na saba."

Akanipa fungu moja. Akatazama vile viwili, akanitazama mimi. Kisha akachukua fungu jingine, akalifungua kamba, akanihesabia saba. Akahesabu vilivyobaki. "Thelathini na tano."

"Na umeazima kwa nani?"

"Sijaazima, Mwalimu. Nimefungua fungu langu mwenyewe."

Mratibu Elimu Kata, mkubwa wa shule zote za kata yetu, aliyekuwa amealikwa kikaoni, akainuka. "Mwalimu Mkuu, treni haifiki Kamsamba. Tununue hiki." Mwalimu Mkuu, mtu mzima yule, akakunja uso kidogo, kisha akamgeukia Minza. "Januari uingie darasa la nne." Baba yake akanyanyuka, akanishika mkono kwa mikono miwili.

Sasa nimestaafu, nakaa Mlowo. Wazazi wananijia na vitabu kwapani, hasa wenye watoto shule za kulipia. "Shikamoo Mwalimu, kipi kizuri kwa mwanangu?" Kitabu chenyewe nakiweka kando kwanza. Namwita mtoto, nampa hesabu, na akikosa namuuliza alivyofikiri. Wazazi wengine hukereka, wanaona nawachelewesha. Wakereke! Nimefundisha maisha yangu yote, na ninalojivunia kuliko yote si kitabu nilichokichagua, ni kwamba siku ile nilimuuliza Minza kabla sijamwita mjinga.