Karanga Zilizoliwa Kwenye Damu ya Sajini

Mashine yetu ya kuhesabia chembe nyeupe za damu ilikuwa na vitufe vitano na kengele iliyolia ukifika mia. Ilipokufa haikufufuka. Aliyekuwa akiitengeneza ni fundi saa wa Kihindi, naye alikuwa ameshaondoka Uganda na sanduku moja, pamoja na wenzake wote, kwa amri ya mkuu wa nchi. Basi mkuu wa maabara yetu pale Kamwokya, mzee wa Kiganda mwenye miwani mizito kama vioo vya lori, akaenda sokoni na kurudi na nafaka.

Maharage yalikuwa ya neutrofili, kwa kuwa ndizo nyingi kuliko zote: zinafika kwanza penye kidonda, zinameza vijidudu, zinafia hapo hapo na kugeuka usaha. Njegere zilikuwa za limfosaiti, zile chembe ndogo za mviringo zinazotengeneza silaha maalumu kwa kila adui, kisha kumkumbuka miaka na miaka, kama shangazi yangu. Mahindi yalikuwa ya monosaiti, lijitu linalofagia mizoga na takataka. Besofili, chembe adimu inayopiga yowe la kuwasha na kuvimba, ilipewa punje moja tu ya kahawa, na punje hiyo ilikaa bila kazi hadi ikafanya ukungu. Esinofili, adui wa minyoo, ina chenga nyekundu nyekundu mwili mzima. Kwa hiyo mzee akaipa karanga.

Hapo ndipo alipokosea.

Mimi nilikuwa msaidizi wake, nimehitimu shule ya jioni juzi juzi. Cheti changu nilikitembeza mtaa mzima wa Bwaise. Hata mbuzi wa jirani alikisoma, akakionja pembeni. Lakini cheti hakishibishi. Sukari ilikuwa imekuwa hadithi, mkate ndoto, na chai yangu ya asubuhi ilikuwa maji ya moto yaliyopitishwa karibu na majani. Tumbo langu likinguruma, watu wa Mengo, ng'ambo ya mji, walianua nguo wakidhani mvua inakuja.

Asubuhi moja akaingia sajini wa jeshi, mtu wa kaskazini, mrefu hata akainama mlangoni, akijikuna mkono.

"Mimi nakula, lakini nakonda," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Tumbo nakata. Ngozi nawasha. Hii mupishi yangu naniwekea sumu. Nimefungia yeye kwa stoo ya sufuria. Damu ikisema sumu, leo leo namaliza yeye."

"Na damu ikisema kitu kingine, Afande?" mzee aliuliza taratibu.

"Iseme basi. Mimi nangoja hapa."

Akaketi kwenye benchi, bunduki magotini. Mzee alimtoa damu kidoleni, akaipaka kwenye kioo, akaitia rangi, kisha akaninong'oneza: "Huyu ana minyoo, nasikia harufu yake. Lakini ananiamini mimi? Anataka damu imwambie. Esinofili zikiwa nyingi, mpishi ametoka. Zikiwa chache, mpishi amekwisha. Hesabu kama mtu mzima."

Nikahesabu. Jicho kwenye hadubini, mdomo ukitaja namba kwa sauti, mkono ukichota punje na kuiweka kwenye kifuniko cha mkebe wa aina yake. Kila chembe punje moja. Nikafika mia, nikajisifu kimoyomoyo, nikamwita mzee.

Akajumlisha. Maharage arobaini na nne, njegere ishirini na tano, mahindi matatu, karanga tatu.

"Sabini na tano," alisema. "Ulisema mia. Ishirini na tano ziko wapi?"

Nikapitisha ulimi menoni. Ziko wapi tena! Mkono ulikuwa umeziweka kifunikoni, mkono ule ule ukazirudia bila kuniomba ruhusa. Nilikuwa nimemla shahidi wa mpishi, na maganda nimemeza.

"Mzee, zote zilizopungua ni karanga. Naapa."

"Ushahidi uko wapi? Tumboni? Nijuaje hukula na njegere? Rudia! Na karanga hugusi tena."

Akafunga mkebe wa karanga kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Nikabaki na esinofili zisizo na punje. Jasho lilinitoka, lingetosha kufurikisha Bwaise bila msaada wa mvua.

Sajini alikuwa amesikia yote. Alisimama, akachomoa magazini ya bunduki yake, akatoa risasi moja moja na kuzipanga mezani.

"Tumia hii," alisema. "Hii hakuna mutu nakula."

Nikaanza upya, yeye akipumua shingoni mwangu. Harage. Njegere. Risasi. Harage. Risasi, risasi. Kila risasi ilipogusa kifuniko, ngh! alishtuka kama imemwingia yeye. Hata kahawa ilisogea siku hiyo, mara moja. Mia ilipotimia, risasi zilikuwa ishirini na nane.

"Yote hii iko ndani yangu?" aliuliza. "Hii ndiyo adui?"

"La, Afande, hao ni askari wako," nilisema. "Adui ni mnyoo. Mnyoo ni mkubwa, hamezeki, kwa hiyo esinofili zinamzunguka na kummwagia sumu yao."

"Sumu ya nani?"

"Yao. Yaani ya mwili wako mwenyewe."

Alijipiga kifua. "Kumbe mupishi ni mimi!"

Mzee alimuuliza kama hupenda kutembea pekupeku. Ndiyo, alisema, kila jioni analima muhogo nyuma ya kambi, na buti ya serikali haitaki matope. Mzee akampa kikopo na kumwelekeza chooni, na nusu saa baadaye mayai ya minyoo ya safura, ile inayoingilia nyayoni, yalikuwa chini ya lenzi, mengi kama watu sokoni. Sajini akayatazama mwenyewe, akakubali dawa, akakubali hata kuvaa buti.

Kisha akahesabu risasi za kifunikoni. Ishirini na saba.

Akahesabu tena. Akanigeukia polepole.

"Wewe. Umekula?"

"Afande, hapana!"

"Fungua mudomo."

Nikafungua hadi taya zikalia. Alichungulia huku na huku, akanusa, na nadhani aliona kipande cha karanga, maana uso wake ulizidi kukunjamana. Ni mzee aliyeiona risasi, imejificha katikati ya maharage.

Mchana huo huo mpishi alikuja mwenyewe, Mkenya mfupi, masizi bado usoni. Aliomba kuona kilichomtoa stoo. Nikamwekea kioo chini ya hadubini. Alitazama zile chembe zenye chenga nyekundu.

"Vidogo hivi," alisema. "Nami usiku kucha nilikuwa nawaomba wakubwa."

Akafungua mfuko wa karatasi aliokuwa ameubana kwapani. Karanga za kukaanga, moto bado. Mzee akanitazama juu ya miwani.

"Kula, mwanangu," alisema. "Hizi si chembe za mtu."