Diski Iliyojifunga Yenyewe

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya kompyuta pale Tunduma, Fundi Mkuu alinionyesha kwanza kiti cha mteja, kilichobanana kabisa na meza. Huku mpakani mtu haachi diski yake kwa fundi akaenda sokoni. Anakaa nayo mpaka kazi iishe.

"Utafanya kazi ukiangaliwa," alisema. "Na kabla ya kugusa chochote, nakili faili kwanza."

"Hata tatizo likiwa dogo? Kwa nini?"

"Msomi, nakili kwanza."

Sikuridhika. Amri isiyo na maelezo hainiingii kichwani, na kwa miaka miwili niliitii huku nikiinung'unikia.

Kisha akaja mzee mmoja, mwalimu wa kwaya kutoka Ibaba, diski yake ya nje imefungwa kwenye kitambaa. "Inakataa kupokea nyimbo mpya, binti." Ndani yake mlikuwa na nyimbo za Kindali za kwaya yake. Hawana nota, vijana hujifunza kwa kusikiliza, na wengi wa waliozitunga wameshazikwa. Nakala nyingine haikuwapo.

Diski ikiwa hivyo, unasoma kilichomo lakini huwezi kuongeza wala kufuta. Chanzo chaweza kuwa waya mbovu, mpangilio wa kompyuta, au alama ya "soma tu" kwenye diski yenyewe. Nilibadili waya, nikabadili kompyuta, ikakataa kote. Basi ni alama, nikajiambia, na alama huondolewa kwa amri moja. Kunakili kungekula saa nzima na zaidi, na mzee alikuwa akiulizia gari la kurudi kwao Ileje. Fundi Mkuu alikuwa nje na mteja Mzambia.

Nikaandika amri. Alama ikaondoka, kisha ikarudi. Nikaandika tena. Diski ikaanza kugonga ndani, kama kucha juu ya bati.

"Ndivyo inavyolia ikipona?" mzee akauliza.

Fundi Mkuu aliingia, akasikiliza, akauondoa mkono wangu kwenye kibodi. "Hii ilijifunga kwa sababu inakufa. Ilikuwa inajilinda isiandikwe. Mimi umeniuliza kwa nini kila siku. Yenyewe uliiuliza?"

Akaiacha ipoe, akaiwasha tena. Ikasomeka, kwa kusitasita. Akamgeukia mzee. "Mwalimu, inaweza kuzima dakika yoyote. Tuanze na zipi?"

Mzee akasogeza kiti. Faili zilikuwa na namba tu, lakini alizijua. "Anza na zile ambazo hakuna aliye hai anayezijua." Akawa anaimba kila moja kwa sauti ya chini, akihesabu walio hai wanaoujua. "Huu, hakuna. Chukua. Huu pia, chukua. Huu na hizi mbili, bibi mmoja wa Mbebe bado anazijua, ziache mwisho." Nilinakili, macho kwenye mstari uliokuwa ukijaa polepole.

Zilipobaki tatu, diski ikanyamaza. Tulijaribu mpaka mchana ukaisha, haikuwaka tena.

"Imekufa yenyewe," mzee akaniuliza, "au ni wewe?"

Fundi Mkuu alitazama mlangoni. Hakunisaidia.

"Ilikuwa mgonjwa, mzee. Lakini nimeiharakisha mimi. Niliambiwa ninakili kwanza, sikunakili."

Alikunja kitambaa chake taratibu. "Una mikono ya haraka, binti. Nitakwenda Mbebe."

Mwaka huu nimeiacha meza ile. Nafundisha ufundi huu chuoni. Wanafunzi huniuliza kwa nini wanakili kwanza, nami hufurahi wakiuliza, kwa kuwa mimi sikuelezwa. Huwaambia kwamba mzee alirudi karakanani baada ya wiki chache, akatusikilizisha kwenye simu yake nyimbo zile tatu, zimeimbwa na yule bibi. Mbili zilikuwa kamili. Wa tatu ulikatikia njiani, na bibi akasikika akicheka kidogo, akisema ubeti wa mwisho umempotea.

Tangu hapo kwaya ya Ibaba huuimba mpaka hapo, kisha wananyamaza na kukaa.