Uzi Uliokatika Vidole Vinne Juu ya Ndoano

Miaka yote ya kazi yangu nililipwa ili nisimwamini mtu. Nilikuwa magaziniye, yaani mtunza ghala, katika depo moja ya simenti hapa Bukavu. Nilisimama mlangoni, nikahesabu mifuko inayotoka, nikamwangalia usoni kila aliyeibeba. Nilikamata wengi. Kuna waliofukuzwa kwa neno langu, na sasa nikifikiri vizuri, wengine huenda hawakuiba kitu. Depo ilipofungwa, mimi nilirudi nyumbani na ile kazi ikarudi pamoja nami. Nikawa natazama gunia la makaa jikoni asubuhi, nalitazama tena jioni. Mke wangu aliniambia, "Weye, siku ya kukuzika utaamuka kwanza uhesabu misumari ya sanduku."

Katika mtaa wetu wanaishi watu niliowafukuzisha, na ndugu zao, na mashemeji zao. Hakuna hata mmoja aliyepita kunisalimia mwezi ule wa kwanza nilipokaa bure. Alikuja mtu mmoja tu, fundi wa viatu anayeshonea kwenye kona, katika kibanda cha mabati. Alikuwa ameshika mianzi miwili mirefu. Akasema, "Muzee, kuya twende ku ziwa. Apa utaoza." Nikamwuliza anataka nini kwangu. Akacheka, akaniambia anataka mtu wa kubeba mwanzi wa pili. Ndivyo nilivyopata rafiki, na sikuwa na mwingine. Ninalisema hilo mapema ili ijulikane ni kitu gani nilikuwa nacho mkononi.

Tulikuwa tunakwenda kila Jumamosi asubuhi kwenye mwamba mmoja chini ya mtaa wa Muhumba, mahali ambapo chupa za plastiki hazijazani sana. Yeye alinifundisha yote. Mwanzi, kwa mfano. Mimi nilikuwa na fimbo ya kisasa kutoka China, ile ambayo vipande vyake vinaingia kimoja ndani ya kingine. Shemeji yangu aliniletea, na mimi niliiamini kwa sababu ilikuwa na maandishi. Kambale wa kwanza aliyeivuta aliondoka na kipande cha ncha pamoja na uzi na ndoano, mimi nikabaki nimeshika bomba. Nilimtazama fundi. Nilijiuliza kama hakuilegeza wakati nilipokuwa nakanda donge la bugali kwa ajili ya chambo. Yeye hakujua ninawaza nini. Jumamosi iliyofuata alinipeleka hadi barabara ya Kavumu, kwa mama mmoja anayeuza mianzi ya kusimamishia maharagwe.

Pale nilimwona akichagua. Hakutaka mwanzi mbichi, na hakutaka uliokauka juani, kwa maana huo una nyufa ndani usizoziona. Aliushika kwenye shina, akautikisa mara moja tu, halafu akaangalia ncha. Ikitulia upesi anauweka pembeni. Ikiendelea kuchezacheza anaurudisha kwenye lundo. Alitikisa karibu lundo zima, mwenye mianzi akaanza kununa, na mwishoni fundi akanipa mmoja ambao mimi kwa macho yangu nisingeuchukua hata kufukuzia kuku. Mwanzi huo ninao mpaka leo.

Ndoano tulinunua soko la Kadutu, kwa mama mmoja mwenye meza ndogo ya vitu vya uvuvi. Fundi aliweka ncha ya kila ndoano juu ya ukucha wa kidole gumba, akaivuta taratibu. Iliyoteleza aliikataa, iliyokwama kwenye ukucha aliichukua. Uzi hakukubali ule uliotundikwa nje. Alimwomba mama atoe ulio ndani ya sanduku, kwa sababu jua linaua nailoni pole pole na rangi yake inabaki vilevile. Halafu tukabishana. Mimi nilitaka uzi mnene, yeye alitaka mwembamba.

"Maji ya ziwa ni safi, Muzee. Samaki anaona uzi mbele ya kuona bugali," alisema. "Uzi munene ni ya mwenye woga."

Nilichukua mwembamba, lakini roho haikutulia. Na hapo ndipo bidoni inapoingia.

Bukavu kila nyumba ina bidoni ya manjano ya lita tano, na kila mtu anayenunua nailoni hapa anaijaribu kwa bidoni hiyo ikiwa imejaa maji. Yule mama wa Kadutu anayo yake chini ya meza. Unafunga uzi kwenye mkono wa bidoni, unainua, ukihimili unalipa na kwenda zako. Watu wanafanya hivyo mara moja. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kila Jumamosi pale mwambani, kabla ya kutupa ndoano. Nilijaza bidoni ziwani, nikafunga uzi vidole vinne juu ya ndoano ili ndoano yenyewe isije ikapinduka, nikainua, nikahesabu mpaka kumi. Kifundo kilikuwa kinakaza sana kwa uzito, na asubuhi vidole vyangu vina ganzi, kwa hiyo nilikifungua kwa meno. Fundi alikuwa ananitazama huku amekwisha kutupa wake. "Achana na ile bidoni," aliniambia siku moja. "Unachokesha uzi."

Katika depo nilijifunza jambo moja: anayekuambia kufuli haina kazi, mchunguze yeye kwanza.

Basi uzi ukaanza kukatika. Mara ya kwanza ilikuwa tilapia mkubwa, nilimwona ubavu wake ukigeuka majini, halafu mwanzi ukawa mwepesi ghafla. Nilitukana kidogo, nikafunga ndoano nyingine. Jumamosi iliyofuata ukakatika tena. Nilipima kwenye uzi wa fundi, ambao ulikuwa mzima na wa urefu uleule: wangu ulikatika vidole vinne juu ya ndoano. Wa tatu vilevile, vidole vinne. Uzi wake yeye, kutoka sanduku lile lile, haukukatika hata siku moja. Na kila mara wangu ulipokatika alikuwa anatabasamu kidogo na kutikisa kichwa.

Nilileta ncha iliyokatika nyumbani, nikaichunguza dirishani. Mfuko wa simenti uliopasuka wenyewe na mfuko uliochanwa na mtu ninaweza kuitofautisha nikiwa nimesinzia. Uzi ule haukuvutika ukanyauka kama kitu kilichochoka. Ulikuwa na alama pembeni, kidogo, safi, kama ya kitu chenye makali. Moyo wangu uliniuma, sisemi uongo. Lakini pia nilifurahi, na hilo ndilo linalonitia haya. Nilifurahi kama zamani, nilipoukuta mfuko chini ya turubai la mtu.

Mianzi yetu yote miwili ilikuwa inalala kwenye kibanda chake, kwa sababu ngazi za kwetu ni nyembamba. Ilikuwa inalala pale pamoja na visu vyake vya ngozi, wiki nzima. Nikamwekea mtego. Nilichukua kipande cha uzi mwekundu wa sufu wa mke wangu, nikakifunga juu ya nailoni yangu iliyozungushwa kwenye mwanzi, kifundo changu mwenyewe ninachokijua. Jumamosi nilikikuta kama nilivyokiacha. Mtu mwingine angetulia hapo. Mimi nilijiambia: huyu ni fundi wa nyuzi, atashindwaje kufungua kifundo na kukifunga tena? Mke wangu aliposikia aliniuliza kama fundi ana faida gani kukata uzi wangu. Nilimjibu kwamba wivu hauna faida, una wivu tu. Akaendelea kuchambua majani ya sombe.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya mvua. Maji yalikuwa yametulia, samaki walikuwa wanakula vizuri. Nilijaribu uzi kwa bidoni, nikatupa, na haikuchukua muda nikapata samaki mzito kuliko wote niliowahi kuwashika pale. Nilimchosha taratibu kama fundi alivyonifundisha, mwanzi ukiwa juu, nikarudi nyuma hatua moja moja. Alipofika karibu na mwamba, uzi ukakatika. Sikuhitaji kupima.

Fundi akasema, "Pole, Muzee," akainuka kwenda kuchimba minyoo nyuma ya vichaka, kama kawaida yake. Na kama kawaida yake aliacha mfuko wake pembeni ya mguu wangu. Kila Jumamosi aliuacha pale. Ndani mlikuwa na ndoano zake, risasi za kuzamishia uzi, chakula chake, shati la kubadilisha. Niliufungua. Nilipekua mpaka chini, nikakuta kisu kidogo kimezungushiwa kipande cha ngozi. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mbele yangu na kopo la minyoo.

"Iki kisu kinafanya kazi gani apa?" nilimwuliza.

"Kinakata minyoo," alisema. "Na mukono yako inafanya kazi gani umo?"

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema natafuta risasi. Badala yake nilimwambia yote, vidole vinne, alama, uzi mwekundu, kibanda. Nilimwambia, "Weye njo unanikatiaka uzi." Nilisema kwa ile sauti ya mlangoni pa depo. Hakubisha. Aliukunja uzi wake kwenye mwanzi, akachukua mfuko na mianzi yote miwili, akapanda kilima. Jumatatu niliukuta mwanzi wangu umeegemezwa kwenye mlango wangu, nailoni imezungushwa vizuri kuliko ninavyoizungusha mimi.

Jumamosi mbili nilikaa nyumbani. Nilipopita kwenye kona alinijibu "Salama" bila kuacha kushona. Jumamosi ya tatu nilikwenda mwambani peke yangu. Mwanzi ulikuwa umelala kwangu, chini ya kitanda changu. Nilijaribu uzi kwa bidoni, nikatupa, nikapata tilapia wa kawaida tu, na uzi ukakatika vidole vinne juu ya ndoano.

Nilikaa pale na mwanzi magotini. Fundi hakuwepo. Na bado, Mungu anisamehe, neno la kwanza lililonijia ni hili: basi ni yule mama wa Kadutu.

Nilikwenda moja kwa moja, viatu vikiwa bado na tope. Nilimwekea ncha ile mezani, nikamwambia ananiuzia nailoni iliyooza, mbele ya wateja wake. Mama yule hakupandisha sauti. Aliigeuza ncha mbele ya jua, akaniuliza, "Papa, unaipimaka namna gani?" Akatoa bidoni chini ya meza, akanikatia kipande kipya kutoka sanduku. Nikamwonyesha. Nikafunga, nikainua, nikahesabu mpaka kumi. Halafu nikainama, nikafungua kifundo kwa meno.

"Leta," alisema.

Aliweka vile vipande viwili sambamba kwenye kiganja. Kile cha ziwani na kile nilichotoka kukifungua mbele yake vilikuwa na alama ile ile. Aliniomba nifungue kinywa. Jino langu la mbele lilivunjika kona zamani, nalo lina ncha. Akasema pole pole, kama anayeongea na mgonjwa, "Iyi si kisu, Papa. Iyi ni meno yako. Uzi unapimwaka mara moya, siku ya kuununua. Weye ulikuwa unaukula kila posho." Posho ndiyo Jumamosi kwetu. Wateja walicheka. Mimi nilitamani kama wangecheka zaidi, nisisikie moyo wangu.

Sikungoja. Jumamosi iliyofuata niliwahi kushuka, bila bidoni. Fundi alikuwa amekwisha kufika, amekaa mahali pake. Nilisimama nyuma yake nikasema, "Ni mimi. Ni meno yangu. Naomba unisamehe."

"Nilijua," alisema, macho kwenye maji.

"Sababu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuambia, achana na bidoni."

"Ulisema ivyo tu."

"Na kama ningesema zaidi, ungesikia?"

Fundi akasogea, akaniachia nafasi juu ya mwamba, akanigawia nusu ya bugali yake ya chambo. Nilifunga ndoano, nikalowesha kifundo kwa mate kama alivyonifundisha. Mikono yangu ilitaka kuujaribu uzi, nikaikataza. Nilitupa hivyo hivyo. Kabla jua halijapanda sana tilapia mzuri alikamata, akavuta kwenda kulia, akavuta kwenda chini, na uzi ukahimili mpaka nikamweka juu ya jiwe. Fundi akasema, "Unaona?" Nikacheka. Alicheka pia. Nilijisikia kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake.

Baadaye minyoo ikaisha. Fundi akainuka, akachukua kopo, akaelekea kwenye vichaka nyuma yetu kuchimba, kama kawaida yake. Alipofika hatua mbili alisimama, akarudi. Hakuniangalia. Aliinama pembeni ya mguu wangu, akachukua na mfuko wake, akautia begani, akaenda.